Nimehama, ila msiniulize vijiko viko wapi

Kuhama Umoja kwenda Roysambu mwisho wa mwezi, wakati nusu ya Nairobi nayo inahama! Mwenye pikapu anajua huna pa kwenda, bei haishuki hata shilingi. Thika Road magodoro yalikuwa mengi kuliko abiria.

Keateka mpya, yaani msimamizi wa jengo, alitupokea vizuri, kisha akatoa habari kwa awamu: lifti haipo, sisi ni ghorofa ya tano, na maji ya kanjo (ya serikali ya jiji) huja siku anazozijua yeye. Friji ilikwama kwenye kona ya ngazi. Vijana wa mkono wakaweka chini, wakafuta jasho, wakaanza kujadili malipo upya. Kwa kweli, mahali pazuri pa kujadili bei ni pale mzigo hauwezi kupanda wala kushuka. Nikaongeza.

Giza likaingia, stima hakuna. Nikanunua tokeni za stima kwa M-Pesa, nikabonyeza tarakimu zote 20 kwenye mita huku mtoto akinimulikia kwa simu yenye chaji ya kuombea. Taa zikawaka, jirani wa chini akatuletea chapati na ndengu. Tumekulia mikono, juu ya katoni. Mwenye nambari ya fundi wa pazia anitumie inboksi.