Aliyekataa na aliyekubali: siku yangu wodini

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni afisa tabibu wa magonjwa ya akili katika hospitali moja huku West Nile, Uganda. Sijavua hata koti la mvua, sista wa wodi ya upasuaji ananiita: "Kuna mama amekataa kukatwa mguu. Njoo utuambie kama akili yake iko sawa."

Saa 2:15. Navuta kiti karibu na kitanda. Jana alielezwa kwa Kiingereza, muuguzi akafasiri kwa Kilugbara. Lakini mama ametoka upande wa Kongo, lugha yake ni Kiswahili. Tunaanza upya. Natafuta mambo manne niliyojifunza Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala: ameelewa anachoambiwa? Anaona kwamba kinamhusu yeye? Anaweza kupima faida na hasara? Anaweza kusema ameamua nini?

"Kisukari kimeua vidole, na ubaya unapanda," ananiambia. "Nikiacha hivi naweza kufa. Nimesikia, mwanangu. Lakini mume wangu alikatwa mguu, nikamwuguza miaka miwili. Mimi ataniuguza nani? Nipeni dawa, nioshwe kidonda, nirudi kwangu."

Mwanawe anataka asaini badala yake. Namjibu kwa upole kwamba mama ni mtu mzima na akili anazo. Daktari kijana naye ana wasiwasi. Namsimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1993: mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, amewekwa Broadmoor, hospitali ya akili yenye ulinzi mkali, alikataa kukatwa mguu, na mahakama ikasema asikatwe bila ridhaa yake. Naandika failini: uwezo anao, kwa uamuzi huu, leo.

Saa 4:30. Kitanda cha jirani kuna mzee, askari wa zamani, anayesubiri kupasuliwa ngiri. Fomu yake ina alama ya dole gumba. Hakuna aliyeniita kwa ajili yake, maana amekubali. Namsalimu tu, kisha namwuliza, "Mzee, leo unafanyiwa nini?"

"Nasubiri gari la kwenda Jinja, afande."

Namwuliza kama atapasuliwa. "Ndiyo, afande." Kama hatapasuliwa? "Ndiyo, afande." Binti yake anasema juzi alikuwa anahesabu pesa za mihogo bila kukosea. Nashika paji la uso: moto. Kipimo cha malaria kinatoka chanya.

Hili linaniuma sana. Anayekataa tunampima akili. Anayeitikia tunampa wino. Alama ile ya dole si ridhaa.

Saa 6. Upasuaji umeahirishwa, sindano ya artesunate, dawa ya malaria, imeanza. Mchana wote nakuwa kliniki.

Saa 11 jioni. Napita tena. Sista anamfundisha kijana wa mama kuosha kidonda. Mzee amelala, binti anampepea kwa kanga. Namwomba asiondoke kesho asubuhi: homa ikishuka nitamwuliza baba yake upya, kwa Kiswahili, na fomu mpya.