Siku moja maishani mwangu: nawaongoza wavuvi wa kayaki, mwenyewe sivui

Nikisema kazi yangu ni kuwaongoza watu kuvua mtoni kwa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kasia, jibu huwa lile lile: "Ah, wewe unalipwa kustarehe!" Basi Jumamosi yangu iliyopita ndiyo hii. Hesabuni wenyewe nilishika fimbo ya kuvulia mara ngapi.

Saa 10:30 alfajiri. Nashuka ukingoni na tochi kulitazama jiwe langu. Nimelichora mstari, maji yakiufikia, safari imekufa hata kama mteja amelala njiani kuja. Leo yapo chini ya mstari kwa kiganja kizima, na hayabebi majani wala vijiti. Mto unaoanza kupanda huzoa takataka kwanza. Tutaingia.

Saa 11:30. Kushusha kayaki tatu, kila moja karibu kilo 40 na kiti chake. Mgongo unajua, mimi sina la kuongeza.

Saa 12:15 asubuhi. Wateja ni wawili: mzee wa makamo na mpwa wake wa kike. Binti kavaa jaketi la kuokolea, kalifunga, kauliza jinsi ya kugeuza kayaki. Mzee lake kalikalia. "Kijana, mimi naogelea tangu utotoni." Nikamwambia asiyevaa haingii majini. Akavaa, zipu wazi. Tena alikuja na nanga mpya yenye kucha nne, nikamwomba aiache garini. Akasema sawa.

Saa 12:45 hadi saa 3. Hizi ndizo saa zinazonifanya nisiiache kazi hii. Samaki wa mtoni hapendi kushindana na mkondo kutwa. Hujibanza nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, mdomo umeelekea juu ya mto, akingoja aletewe chakula. Basi unatupa juu yake kidogo, unauacha mto umpelekee chambo. Binti alishika somo mtupo wa pili. Ilipokaribia saa 2 akavuta kambare wa urefu wa mkono. Tukamtoa ndoano kwa koleo, nikamshika ndani ya maji, kichwa kikiukabili mkondo, mpaka akajichomoa mwenyewe. Mzee alikuwa kimya, isipokuwa kasia lake, alilokuwa akiligonga kwenye ubavu wa kayaki kila dakika. Sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Nikamwambia. Akasema sawa.

Saa 4 na dakika zake. Nilikuwa nimempa kisogo, namfungulia binti mshipi uliojisokota, nikasikia kitu kizito kikizama. Nanga! Aliificha kwenye mfuko wa chambo. Na kaifunga ubavuni, katikati, kwa kuwa ndipo mkono wake ulipofika.

Kwenye maji yaliyolala hilo si neno. Kwenye mkondo, nanga ikishika chini, chombo kilichofungwa tezi, yaani nyuma, au omo, yaani mbele, hupitwa na maji pembeni. Kilichofungwa ubavuni hukaa kimeupinga mto, kamba inauvuta ubavu ule ule unaosukumwa. Kasi ya maji ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. "Mzee wangu, kata kamba!" Akanijibu, "Subiri, nimepata mahali pazuri." Naapa ndivyo alivyosema. Kayaki ikamlaza.

Kuzama sikukuogopa, jaketi lilikuwepo, ingawa lilimpanda hadi masikioni. Nilichoogopa ni miguu. Pale maji yalikuwa ya mapaja, na mtu akiona maji ya mapaja husimama. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, mkondo unakukunja kifudifudi, na kina cha mapaja kinatosha kabisa. Nikapiga kelele: "Usisimame! Lala chali, miguu mbele!" Akaanza kusimama. Ndipo binti akapaza sauti, "Mjomba, miguu juu! Miguu juu!" Akaiinua. Mimi hakuwa amenisikia tangu asubuhi.

Nikamwelekeza kwenye maji ya nyuma ya jiwe, akatia mikono kwenye omo ya kayaki yangu, nikamburuta hadi mchangani. Nikarudi kuikata kamba ya nanga kwa kisu cha kifuani, nikaikimbiza kayaki, nikaipindua. Maji yakatoka yenyewe kwenye matundu ya sakafu. Kofia imekwenda. Fimbo imekwenda. Vile vikamba vya kufungia fimbo nilivyompa alfajiri bado vilikuwa mfukoni mwake, pakiti haijafunguliwa.

Neno la kwanza alilosema, akiwa anatetemeka: "Fimbo ile ni ya ghali." La pili: "Kayaki zako haziko imara."

Nilimpa fimbo yangu. Hiyo ndiyo mara moja niliyoishika. Jaketi akalifunga zipu bila kuambiwa.

Mchana. Jua, kula, kufungua mishipi kwenye matawi. Binti akapata wengine wawili. Mjomba akapata tawi.

Baadaye, saa sikuiangalia. Upepo ukageuka ukaanza kuvuma dhidi ya mkondo, mawimbi mafupi yakasimama, na ukiacha kupiga kasia unarudishwa nyuma huku mto ukitiririka kwenda mbele. Zimebaki kilomita 3. Mzee mabega yamekwisha. Nikamfunga kwa kamba ya kuvutia, ile inayofunguka kiunoni kwa mvuto mmoja, nikaanza kuvuta. Kupiga, kupiga, kupiga. Kila nikigeuka namkuta anatupa chambo. Mara ndoano ikatua begani kwangu, ikashika jaketi. "Samahani, kijana." Nikaichomoa, nikaendelea.

Usiku. Nimesuuza kayaki, nimetandaza majaketi, nimekata vipande vya kamba vilivyochubuka. Vidole havifungi kikombe, nakishika kwa viganja viwili. Simu ikalia. Ni mzee, ametuma picha ya kambare wa mpwa wake, kamshika yeye. Ilipigwa saa ngapi sijui, wala sikumwona akimwomba. Chini yake ameniuliza kama kesho nikipita pale nitamtazamia fimbo yake.

Nikamjibu sawa.