Namna nilivyoitibu mashine ya kukatia majani iliyokuwa haitulii

Injini ya mashine ya kukatia majani ikianza kupandisha na kushusha mlio yenyewe, wengi wetu hukimbilia kununua plagi mpya. Ya kwangu ilianza hivyo masika yalipokuwa yakielekea ukingoni, wakati majani ya uani kwangu Tegeta yalikuwa yamefika magotini na mashine ilikuwa imekaa stoo tangu kiangazi. Iliwaka, lakini kila nilipoisukuma penye majani mazito ilikohoa ikazimika. Fundi mmoja wa mtaani aliisikiliza akiwa hata hajaingia getini, akasema, “Bosi, hiyo kabureta imekufa, nenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kachukue nyingine.” Kwamba tatizo lilikuwa kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, alisema kweli, kwamba imekufa, sikukubali.

Kabla ya kufungua chochote nilifanya jaribio lisilohitaji hata spana: injini ikiwa inaunguruma, nilivuta choki nusu. Mlio ulitulia papo hapo. Choki hupunguza hewa inayoingia, kwa hiyo injini inayotulia ikibanwa hewa inaonyesha kwamba mafuta yanayoifikia ni machache, ama kwa sababu jeti, yaani kijitundu kinachopimia mafuta, imeziba, ama kwa sababu hewa inapenya kwenye gasketi iliyo kati ya kabureta na injini. Kupanda na kushuka kwa mlio nako kuna sababu yake: mafuta yakipungua mwendo huanguka, gavana, yaani kidhibiti mwendo cha injini, hufungua njia ili kuurudisha, mwendo huzidi, gavana hufunga, na mchezo huanza upya. Gavana yenyewe haina kosa, na ndiyo maana sikuigusa springi yake, ingawa ndiyo watu wanayopenda kuikunja. Plagi niliifungua kwa kuthibitisha tu. Ncha yake ilikuwa kavu na nyeupe, wala haikuwa na masizi meusi ambayo huonyesha mafuta kuzidi au chujio la hewa kuziba. Boliti za kabureta nazo zilikuwa zimekaza.

Injini ilipopoa niliimwaga petroli ya kwenye tangi ndani ya chupa ya kioo, nje, mbali na jiko. Ilikuwa imegeuka kahawia, ikinuka kama vanishi, na chini ya chupa yakajitenga matone ya maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Katika jiji la pwani kama hili, tangi lililoachwa nusu huingiza hewa yenye unyevu, na petroli inayoyeyuka hewani pole pole huacha nyuma utando unaonata.

Utando huo niliukuta ndani ya bakuli la kabureta. Jeti kuu ni kijiskrubu cha shaba ya njano kilichojificha katikati, na nilipokielekeza kwenye jua sikuona mwanga upande wa pili. Nilichuna waya laini wa umeme, nikachukua unyuzi mmoja wa shaba na kuupitisha taratibu, kwa sababu sindano ya chuma hukwangua tundu, na jeti iliyopanuka haipimi tena mafuta inavyotakiwa. Vijitundu vya pembeni nilivinyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, baada ya kuondoa boya na mpira wa bakuli ambao dawa hiyo ingeuharibu, kisha nikaipeleka kabureta kwa kijana wa pancha pale barabarani akaipulizia kwa kompresa yake.

Kwa petroli mpya, mashine iliunguruma kwa sauti moja choki ikiwa imefunguliwa kabisa, na ilipoingia kwenye majani marefu ilisikika ikiongeza nguvu badala ya kuzimika. Kama choki isingebadilisha chochote, ningetazama kwingine, hasa kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga gurudumu zito la injini kwenye shafti, ambacho hukatika kisu kinapogonga kisiki na kuvuruga wakati wa cheche. Siku hizi, mashine inapokwenda kukaa muda mrefu, nafunga koki ya mafuta na kuiacha iungurume hadi izime yenyewe ili bakuli libaki tupu, na petroli iliyosalia kwenye dumu inaingia kwenye pikipiki kabla haijachacha.