Yale ya chumbani baada ya saratani ya titi

Leo kliniki nimelisema. Nimemwambia daktari kwamba tendo la ndoa linaniuma kama nachanwa na wembe. Hakushtuka wala hakutazama saa. Aliniuliza maumivu yanaanzia mlangoni au ndani, kama natoka damu, na hamu yenyewe ikoje. Nikamjibu yote.

Alichonieleza, kila mwanamke angepaswa kuelezwa siku ileile anayoambiwa kuwa nywele zitanyonyoka. Tibakemikali inaweza kuzima ovari, hedhi ikakoma kabla ya wakati wake. Kisha kuna vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo wengi wetu tunavimeza miaka 5, wengine hadi 10. Mimi natumia letrozoli. Inashusha estrojeni, homoni ya kike, mpaka inabaki kidogo sana, na estrojeni ndiyo inayoupa uke unyevu na kuufanya unyumbuke. Ikipungua, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, kavu, inachubuka upesi. Hapo nikalia. Usiku mwingi mume wangu amegeukia ukutani akidhani simtaki tena, nami nikidhani nimekwisha uanamke.

Nimepewa jeli ya kulainisha uke, ya kupaka mara kadhaa kwa wiki hata kama hakuna tendo. Wakati wa tendo lenyewe ni kilainishi cha maji au cha silikoni, kisicho na manukato. (Wanaotumia kondomu za mpira waepuke mafuta, yanazipasua.) Krimu ya estrojeni si ya kujinunulia. Tukiona haya mengine hayasaidii, tutakaa na daktari wa saratani tupime faida na hatari. Kumbe pia misuli ya nyonga hujikaza yenyewe ikishazoea kungoja maumivu, na kuna wataalamu wa fiziotherapia wanaofundisha kuilegeza. Na wenzangu mnaotumia tamoksifeni, kidonge kingine cha kuzuia homoni, hedhi kukatika si kinga ya mimba. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo ulizeni njia isiyo na homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba.

Kifua ni habari nyingine. Tangu upasuaji, mkono wa mume wangu ulikuwa ukifika begani unasita, unarudi. Juzi nilikishika kidole chake nikakipitisha juu ya kovu taratibu, nikimweleza. Hapa pana ganzi kabisa. Hapa nahisi unanigandamiza tu, joto la mkono wako silipati. Hapa karibu na kwapa panachoma, paache. Nyuma ya shingo je? Pale nilisisimka, naye akaona. Akaniambia alikuwa akiogopa kunitonesha, na kwamba kovu halijawahi kumchukiza. Nilihitaji mno kulisikia hilo kutoka kinywani mwake.

Tumekubaliana kwa sasa tusiingiliane. Tunakandana, tunabusiana, tunalala tumekumbatiana, na hakuna anayedaiwa zaidi ya hapo. Tangu tukubaliane hivyo, mwili wangu haujikunji tena akinisogelea. Hamu haijarudi kama zamani, inakuja siku moja inapotea nyingine, na uchovu wa dawa unachangia. Lakini kuvumilia maumivu kimyakimya ili ndoa isimame, hilo nimelikataa, na namwomba kila mgonjwa mwenzangu alikatae. Ni madhara ya matibabu kama kichefuchefu kilivyo, na yana tiba.

Miadi ijayo tunakwenda wote wawili. Naye ana maswali yake.