Seva iliyokuwa ikizima kila bakapu ikianza: jinsi nilivyotatua

Mchana kutwa seva ilikuwa salama. Usiku, bakapu (kunakili data kwa akiba) ikishika kasi na diski zote zikizunguka, inazima ghafla na kuwaka yenyewe.

Kumbukumbu za mfumo (logi, yaani rekodi za matukio ya seva) ndizo zilizonielekeza. Hazikuwa na onyo lolote: mistari inakatika, inayofuata ni ya kuwaka upya. Programu ikianguka mara nyingi huacha neno. Umeme ukikatika hauagi. Joto lilikuwa la kawaida, na soketi ya ukutani ilisoma karibu volti 230 hata bakapu ikiendelea. Ikabaki pawasaplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta.

Mafundi wengi huichomoa, wakaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikizunguka wanasema nzima. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba inawaka tu, si kwamba inabeba mzigo. Mimi niliiacha ndani ya mashine, nikachomeka ncha za multimita (kipima umeme) kwenye plagi ya diski iliyokuwa wazi, waya wa njano (wa volti 12) na mweusi. Seva ikiwa imetulia: volti 12.05. Nikaanzisha bakapu kwa mkono, ikateremka hadi 11.2, kisha giza. Kiwango cha ATX, kanuni za pawasaplai za kompyuta, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani isishuke chini ya 11.4. Waya mwekundu, wa volti 5, haukuyumba.

Sikuifungua. Kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani) hushika chaji hata baada ya kuchomolewa, nazo zinaweza kuua. Niliweka nyingine yenye wati zaidi. Bakapu ikiendelea sasa inasoma 11.9.