Basi huyo hamtafuti

Nilisema sitaandika tena mpaka sare za harusi ziishe. Sare zimeisha, harusi imepita, bibi harusi yuko kwake Pangani, na mwenye nyumba katuletea karatasi ya kupandisha kodi kuanzia Januari. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nina neno moja limenikaa kooni kama mwiba wa changu tangu Jumapili, na aliyelitia ni Babuu, mtoto wa miaka tisa.

Babuu mnamjua, mtoto wa kaka, ndiye aliyeniangushia kasha la vifungo mwaka jana tukaokota mpaka adhana ya magharibi. Kaletwa likizo. Jumapili usiku, vyombo vimeshaoshwa, nikatandika mkeka, nikawasha mashine (si ya kushonea, ile nyingine), nikashika pedi. Mzee wa Mvi wangu, yaani Geralt wa gemu la Witcher 3, anayepaswa kumtafuta binti aliyemlea, yuko mjini Novigrad, kakaa mezani anacheza karata na mfanyabiashara. Babuu katoka kuoga, kajifunga kanga yangu, ana ubuyu mdomoni. Akasimama nyuma yangu. Muda mrefu hakusema kitu, nasikia mbegu tu zikigongana na meno. Halafu:

"Shangazi, yule binti kapatikana?"

"Bado."

Akatema mbegu kiganjani.

"Basi huyo hamtafuti."

Akaenda zake kulala. Hakucheka, wala hakusema kwa kejeli. Angecheka ningemrushia mto, yakaisha.

Wiki nzima nimeligeuza lile neno kama kitambaa kisichojulikana nje ni wapi na ndani ni wapi. Angesema "hajampata", ningekubali, maana kutopata ni bahati. Angesema "hajamtafuta vizuri", ningemjibu kwamba dunia ya Witcher 3 ni kubwa, aje atafute yeye. Lakini "hamtafuti"! Mtoto hakulaumu juhudi, kasema juhudi yenyewe haipo. Na ile "basi" iliyotangulia si ya kukata tamaa. Ni basi ya mtu aliyejumlisha na kupata jibu.

Jumatatu nikajua kaitoa wapi. Kaja yule mama wa gauni la lesi ya kijani, yule wa "nina safari Ijumaa". Babuu kakaa kwenye kigoda chini ya meza ya kukatia, anapanga bobini.

"Fundi, gauni langu tayari?"

"Bado dada yangu, njoo Alhamisi."

"Basi hujalikata."

Kweli sikuwa nimelikata. Lesi ilikuwa kwenye mfuko wake vilevile alivyoileta, na risiti ya duka ndani. Nikamtazama Babuu, naye akazidi kupanga bobini, kichwa chini. Mtoto anayeshinda kibandani kwa fundi cherehani anajifunza hesabu moja tu: "bado" ni neno la nani.

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba kasema kweli. Tangu mwanzo wa kisa tunaambiwa Ciri anawindwa na wapanda farasi wa mizimu, na Mzee wa Mvi, aliyemlea kama mwanawe, ndiye wa kumfikia kwanza. Haya, anaanza safari. Hajatoka hata kijiji cha kwanza, bibi kizee mmoja anamwomba amletee kikaango chake kilichofungiwa ndani ya nyumba. Anakwenda kuleta kikaango! Mbele kidogo kuna mganga kapoteza mbuzi, na mbuzi mwenyewe anaitwa Princess, na kumrudisha ni kutembea naye mwituni huku unampigia kengele. Nilimpigia. Nikashindana farasi, nikapigana ngumi na wanaume wa kila kijiji, nikakusanya karata. Ukiniuliza mambo ya yule baron mlevi wa Velen na mkewe nitakusimulia mpaka usinzie. Ukiniuliza binti yuko wapi, ndiyo hivyo: bado.

Na zile alama za kuuliza za bahari ya Skellige. Ramani nzima ya maji imetapakaa alama, na karibu kila moja ni mapipa ya magendo yanayoelea, na nguva wenye mbawa wanakushukia ukiwa katikati ya kufungua. Ndani ya pipa ni upanga usiouhitaji na vitu vya kuuza. Nimezimaliza zaidi ya nusu. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi, na najua angekosa la kusema kuhusu ile mashua yangu ya Skellige, haijui kubisha wala kugeuza tanga. Unabonyeza tu, inakwenda, upepo utoke utakako. Usiku wa manane, fundi wa Ngamiani anazunguka bahari ya gemu la Wapolandi akikusanya mapipa.

Takwimu za mle ndani zinasema nimecheza siku 6 na saa 11. Nikajiuliza kwa hesabu za kazini. Gauni lenye bitana hunichukua saa tano, kwa hiyo pale pana magauni 31. Nikafuta hesabu haraka.

Jumanne nikatafuta wenzangu, si mnajua mtu akishikwa na aibu anatafuta msafara. Kwenye PlayStation kuna vikombe, na kila kikombe kinakuonyesha ni asilimia ngapi ya wachezaji wanacho. Cha mwanzo, cha kumpata Yennefer, mpenzi wa Mzee wa Mvi, mwenye harufu ya lailaki na zabibu bata (jina la kikombe lenyewe ndilo hilo, ya harufu), wengi wanacho. Ukifuata kisa kinavyokwenda, wenye vikombe wanazidi kupungua, mpaka unafika cha kumaliza kisa: hawafiki nusu ya walioanza. Watu walitoa pesa zao, wakanunua, wakapanda farasi, wakapotelea njiani. Na wenye gemu wanajua. Mwaka 2020, Patrick Mills, mmoja wa wabunifu wa misheni pale CD Projekt Red, kampuni iliyotengeneza Witcher 3, alieleza kwamba kisa kikuu cha gemu lao jingine, Cyberpunk 2077, wamekifanya kifupi kidogo kuliko cha Witcher 3, kwa kuwa watu walilalamika kile kilikuwa kirefu mno. Takwimu zao zilionyesha wengi mno wamefika mbali sana na mwisho hawakuuona.

Jumanne hiyo nililala vizuri. Jumatano umeme ulikatika saa moja jioni, nikakaa gizani na Babuu tunamenya mihogo kwa tochi ya simu, na faraja yote ikanitoka. Hao wasiofika nusu waliacha. Walichoka, wakauza diski, wakaoa, wakanunua gemu la mpira. Wana heshima zao. Mimi sijaacha! Mimi nimo mle tangu 2020, na kaka yangu anayecheza Skyrim hana haki ya kunicheka, kwa sababu Skyrim ya 2011 inakutengenezea kazi nyingine kila ukimaliza moja, haiishi kwa maumbile. Yangu inaisha. Na mwenzenu najua kabisa binti yuko wapi.

Hili sijawahi kuliandika humu. Begini mwa Mzee wa Mvi kuna kimulimuli cha kichawi, kapewa na yule mwenye hekima aliyekuwa mwalimu wa Ciri, na kimulimuli hicho ndicho kinachoonyesha njia ya kwenda Kisiwa cha Ukungu, na binti yuko kisiwani. Nimekibeba tangu 2022. Kisingizio changu siku zote ni kwamba ukishavuka, kazi za marafiki ulizoacha kiporo zinajifunga, hazirudi. Wakongwe wa gemu hili wote watakwambia: maliza viporo kwanza, ndipo uende. Nami nikawa namaliza viporo. Kila nikimaliza kimoja nafungua viwili.

Sijui kama niliogopa kumpata au niliogopa usiku wenyewe uishe. Kwa kweli napenda kuwa njiani. Mle ndani hakuna saa inayokwenda, wapanda farasi wa mizimu hawafiki mpaka mimi niseme, bibi wa kikaango hanifuati mpaka mlangoni. Kibandani kila mtu ana safari Ijumaa.

Alhamisi lesi ya kijani nimeikata, nimeishona, nimepiga pasi, mama kachukua. (Kiuno kimemkaa vizuri, alizunguka mara tatu.) Saa tano usiku nikawasha. Babuu kalala pembeni ya mkeka, mdomo wazi. Sikupita kwa mcheza karata wala kufungua alama moja. Nikapanda mashua, nikakitoa kimulimuli.

Ukungu ulivyofunga sikuona hata mlingoti. Kile kinuru tu mbele, kinakwenda, nami nyuma yake. Kisiwani kuna mbilikimo wamejifungia kibandani na hawafungui mpaka uwaletee wenzao waliotawanyika, na mmoja wao ana ugonjwa wa kusinzia, nikamkuta kalala juu mnarani. Hata hapo, jamani, hata hapo kuna kiporo! Nikawakusanya. Mlango ukafunguliwa. Binti kalala kitandani kama maiti, na Mzee wa Mvi, mtu wa maneno mawili, akakaa, akampakata.

Mnaojua kilichofuata mnajua. Sikulia. Nilisema tu "haya mama", kwa sauti, peke yangu, na nikagundua nimeshika mguu wa Babuu. Wakakumbatiana muda mrefu. Nikangoja gemu lilete kitu, kama kawaida yake, pesa, upanga, namba za kupanda levo. Nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sikuwa nayo hata siku nilipomaliza kulipia cherehani. Nikasevu, nikazima, usingizi ukaja saa tisa.

Asubuhi nikampasha Babuu habari, nikijitahidi isionekane naringa. Alikuwa anakunywa uji.

"Binti kapatikana."

"Alikuwa wapi?"

"Kisiwani."

"Mbali?"

Hapo nikasita. Ningeweza kumdanganya.

"Dakika chache kwa mashua."

"Kumbe," akasema, akaninyooshea kikombe nimwongeze.

Tangu Ijumaa sijawasha. Mbele kuna vita, na baada ya vita, kwa nilivyosikia kwa wenye midomo mirefu, binti atakuwa na majonzi, na utaulizwa umfanyeje: umtulize mnywe pamoja, au mtoke nje mrushiane theluji. Ni jambo dogo kabisa, mchezo wa watoto, lakini linahesabiwa. Yako mengine madogo kama hilo, kumsindikiza mahali au kumwacha aingie mwenyewe, na mwisho wa kisa unayajumlisha yote ndipo unakwambia binti kaishia wapi. Kwa hiyo kikaango na mbuzi havikuwa na uzito, na saa zangu 155 hazina uzito, ila theluji. Theluji mimi nimeiona mara moja, juu ya Kilimanjaro, kupitia dirisha la basi la Arusha, na kabla sijatoa simu wingu likafunga.

Babuu anarudi kwao Jumapili ijayo. Nimemwambia siku ya theluji nitamwamsha. Kaniuliza ni lini, nikafungua mdomo kusema Alhamisi, nikaufunga.

Jingine. Kuna mzee wa Chumbageni aliniletea kitambaa cha kanzu mwezi wa Ramadhani, mrefu, anatembea na fimbo, anapenda kukaa kwenye benchi anasoma gazeti mpaka mchana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimaliza kazi ya mtu kabla ya siku niliyomwahidi. Hakuja siku ya Idi. Namba yake nikipiga haipatikani, na nyumba siijui, najua tu ni karibu na msikiti. Nimeuliza wauza samaki wanaotoka kule, kila mmoja ananitajia mzee tofauti. Kanzu iko kwenye msumari, nimeivalisha mfuko isishike vumbi, na leo nimeona mende katembea juu yake.