Damu Iliyosingiziwa Fibroidi

Kwa miezi saba niliambiwa kwamba damu iliyokuwa ikinitoka ilisababishwa na fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani. Sikubisha, kwa kuwa ni kweli kwamba sisi wanawake weusi tunapata uvimbe huo kwa wingi kuliko wengine, na ultrasaundi ilionyesha ninao. Lakini damu yangu ilitoka kila baada ya tendo la ndoa, dalili inayotaka mlango wa kizazi uangaliwe kwa macho, na madaktari wawili waliosoma picha ile hawakuona haja ya kuuangalia.

Sehemu ya ukimya ilikuwa yangu. Mkalimani wangu alikuwa mume wangu, na mbele yake nisingeweza kulitaja jambo lile, wala sidhani naye angelitafsiri. Isitoshe, kipimo changu cha saratani ya mlango wa kizazi cha miaka miwili nyuma kilikuwa safi, nami nilikitegemea, bila kujua kwamba uchunguzi wa kawaida umewekwa kwa ajili ya wasio na dalili. Mwenye dalili hupimwa upya hata kama majibu ya zamani yalikuwa mazuri.

Nilianza kuandika katika daftari tarehe za damu, kiasi chake na kilichoitangulia. Safari ya tatu niliomba mkalimani mwanamke, nikamkabidhi daktari ukurasa ule, nikamwomba anipime siku hiyohiyo au aandike katika faili langu sababu ya kutonipima. Alinipima. Wiki hiyo nilikatwa kipande kidogo cha nyama ya mlango wa kizazi ili kipimwe, na majibu yakawa saratani ya mlango wa kizazi ya hatua ya pili B, yaani iliyokwisha kutoka nje ya mlango huo, ambayo kwa kawaida haitibiwi tena kwa upasuaji bali kwa mionzi ya nje, dawa ya saratani iitwayo cisplatin na mionzi ya ndani, inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe.

Nilipopata nguvu ya kusoma, nilikutana na hesabu moja ya Marekani iliyochapishwa mwaka 2017. Wanawake weusi wengi zaidi huwa wametolewa kizazi, mara nyingi kwa sababu ya fibroidi hizohizo, na takwimu za awali ziliwahesabu kana kwamba bado wangeweza kuugua. Walipoondolewa katika hesabu, vifo vya wanawake weusi kwa saratani hii vilipanda kutoka 5.7 hadi 10.1 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, na vya weupe kutoka 3.2 hadi 4.7. Pengo lilikuwa limefichwa na ugonjwa uleule uliofunika wangu.

Nilisoma pia kwamba huko wanawake weusi hukosa mionzi ya ndani mara nyingi zaidi, na kwamba matibabu yote yanapaswa kumalizika ndani ya wiki 8. Kwa hiyo miadi yangu ya mionzi ya ndani ilipocheleweshwa kwa siku kumi na mbili, sikusema "sawa, daktari" kama nilivyozoea. Nilipiga simu kila asubuhi, nikitaja idadi ya siku zilizokwisha kupita tangu nianze, hadi nafasi ikapatikana. Nilimaliza siku ya 54.